Safu ya Nondo

Mimi ni karani. Ofisi yangu ni kontena,
Kilimani, chini ya jengo linalotafuta ghorofa ya tisa.
Kazi yangu ni kuiuliza kila shilingi inayotoka
inakwenda wapi, na itarudi na nani.

Mwezi wa tatu mhandisi Gathungu akaniambia: Punguza.
Nikashusha kidole kwenye orodha.
Saruji, hapana. Kokoto, hapana. Dizeli ya jenereta, labda.
Sukari ya chai.
Muuguzi.
Alikuwa hapo, Syombua, kati ya sukari na mengineyo,
elfu thelathini na nane kwa mwezi,
hajabeba ndoo, hajapiga plasta hata kiganja kimoja cha ukuta.
Nikampigia mstari. Kwa rula.

Hakugombana. Aliniachia daftari la mazoezi,
nikalikunja mara mbili
nikalisukumiza chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Jumanne ya pili Makokha akakanyaga msumari.
Msumari tu.
Akamwagia mafuta ya taa, akafunga kitambaa, akapanda,
maana mtu wa mjengo hulipwa akiwa amesimama.
Siku ya tano mguu ukakataa buti.
Naye ndiye mfungaji nondo tuliyemtegemea,
basi slabu haikumwagwa,
basi pampu ya kukodi ikakaa getini
ikilipwa kwa saa kama wakili.
Mvua ikaja. Mifuko arobaini ya saruji
ikawa mawe yenye nembo.
Vibarua kumi na sita wakacheza drafti kwa vizibo vya soda,
kwa gharama yetu.
Hospitali. Teksi. Hospitali tena.

Nilijumlisha kwa kalamu, nikarudia kwa penseli:
msumari wa shilingi mbili
ulikuwa umekula miezi kumi na moja ya Syombua.

Nikainama, nikalichomoa daftari. Meza ikayumba.

*Ekai, presha mia na themanini na tano. Nimemkatalia kupanda.
Amenitukana kwa lugha yake, kisha kwa yangu.*
*Kiprop, msumari. Sindano ya pepopunda. Kesho yake kazini.*
*Vijana wa mchanga, barakoa. Wawili wanazivaa kidevuni.*
*Mutheu wa maji, mimba ya miezi mitano. Asibebe.
Nimeomba apewe stoo. Naomba tena.*

Kurasa kwa kurasa za mambo ambayo hayakutokea.

Nimesomea hesabu, lakini sikufunzwa
kuandika lililoepukwa.
Ekai hakuanguka: hiyo ni bei gani?
Nani hutoa risiti ya mtu ambaye hakuanguka?
Kuna simu ambayo haikulia Lodwar usiku ule.
Niiweke safu ipi?

Nilitoka nje kuvuta hewa, nikavuta vumbi.
Juu walikuwa wakifunga nguzo, waya kwa koleo,
na nikakumbuka kwamba nondo huonekana siku mbili tu,
halafu zege huimeza,
na mpangaji atatundika picha za harusi
asijue ni nani anayemshikilia.

Nikampigia. Alikuwa Machakos, akichambua mbaazi.
Nilisikia punje zikianguka kwenye sufuria
wakati nikitafuta maneno ya kuomba radhi,
na kabla sijayapata akasema:
"Barakoa kwanza. Mia mbili. Siyo zile za karatasi.
Na Makokha mguu wake vipi?"

Makokha alirudi mwezi wa tano. Anachechemea.
Hilo nalo halina safu.

Mwisho wa mwezi nilimtoa Syombua kwenye sukari
nikamwandika chini ya nondo,
na Gathungu akatia saini bila kuinua macho.
Nani hukata nondo?

Jumatatu akaja kuchukua daftari lake,
lina alama ya mguu wa meza katikati.
Akaipangusa kwa kiwiko. Nikakohoa.
Akasimama mlangoni.
"Karani, hicho kikohozi ni cha tangu lini?"
Nikasema, vumbi tu.
Akavuta kiti.